Kengele ya Mbuzi

Jumatatu, tarehe 14 Machi, 1977. Asubuhi hiyo upepo wa joto ulivuma kutoka upande wa soko la Kabati na kujaza vumbi ua wote wa gereza. Mvua ilikuwa bado.

Mumbua, askari wa kike wa pekee mahali hapo, aliingia kazini na kengele ya mbuzi mfukoni.

Kwa miezi mitatu aliomba jambo moja, kwa Mungu na kwa wakubwa: funguo za upande wa wanawake zisitundikwe tena kwenye msumari ofisini, ambapo askari yeyote aliweza kuzichukua. Mchana, yeye akienda kula, kulikuwa na mtu aliyekuwa akifungua stoo ya unga na kumvuta mfungwa ndani. Stoo haikuwa na dirisha. Hakuna aliyewahi kuuona uso wa mtu huyo.

Barua ya malalamiko aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko aliojifunza kwenye darasa la ngumbaru. Sajini Kivuva, mzee wa kanisa lake, aliisahihisha, kisha akapiga magoti pamoja naye. "Dada, hili ni jambo la aibu mbele za Bwana."

Sasa wageni watatu walikuwa wamefika kutoka makao makuu.

Kabla ya kuitwa, Mumbua alipita upande wa wanawake. Kavata, mfungwa mpya, alikuwa hajagusa uji siku ya tatu. Alikaa kaegemeza mgongo ukutani, macho mlangoni.

"Ni Muli?" Mumbua alimnong'oneza Kalunde, mfungwa wa siku nyingi.

Kalunde alicheka bila furaha. "Koplo Muli? Aiya, funguo za huyo zinalia kama ng'ombe wa kijiji cha Tulia akipelekwa mnadani! Akianza tu kuja tunaimba wimbo wa kanisa, anarudi akitutukana. Muli tunamsikia. Huyu mwingine hatusikii kitu. Unashtukia tu mlango uko wazi."

"Basi ni Muli huyo huyo, siku hizo huwa hajalewa."

"Labda." Kalunde aliangalia pembeni. "Na wewe ukienda kula, mwaitu, mama yetu, tunabaki na nani?"

"Leo nitaondoka na funguo hizo mkononi."

Lakini ofisini mkubwa wa wageni aliikunja barua na kutikisa kichwa. "Mama, wewe ni mmoja. Huwezi kulinda mchana na usiku. Muli unayemshuku atahamishwa leo hii. Ila funguo zitashikwa na mwanaume mmoja, na atawajibika yeye peke yake. Hapa unamwamini nani?"

Mumbua alifumba macho, akasali. Hakuchukua muda.

"Sajini Kivuva."

Machozi yalimlengalenga sajini, aliyesimama mlangoni. Alitoa leso nyeupe, akajipangusa.

Wafungwa wote waliitwa uani washuhudie. Koplo Muli alipita katikati yao na sanduku lake, akinuka pombe. Kavata aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Mumbua aliifunga kengele kwenye pete ya funguo kwa kamba ya katani, akaivuta mara mbili kuona kama imekaza. Ilisikika hadi kwenye ukuta wa mbali.

"Wakiisikia hii, mzee, watajua ni wewe. Hawataogopa."

"Wazo jema, dada. Mungu akubariki."

Sajini aliibana Biblia kwapani. Alitandaza leso kiganjani, akaweka funguo na kengele juu yake, akakunja pembe moja moja, upesi, bila kuangalia. Zilipoingia mfukoni hazikutoa hata mlio.

Kalunde aliushika mkono wa Kavata.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu nyote mashahidi," alisema Sajini Kivuva kwa sauti ya ibada, "naahidi: kuanzia leo, hakuna mwanaume mwingine atakayeufungua mlango huu."