Chumba cha Nyuma

Saumu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea uthamini wa majengo, na hii ndiyo nyumba ya kwanza aliyotumwa kuipima peke yake. Muuzaji, Mbaruku, alibaki barazani na simu yake.

"Pima kiwanja tu, dada," alisema. "Nyumba yenyewe ni ya kubomolewa. Tangu tumzike mama sijaingia humo."

Saumu alivua viatu, akaingia. Alipima sebule, akapima ukumbi, kisha akafungua chumba cha nyuma. Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa bado inang'aa, isipokuwa upande wa kibla. Pale rangi ilikuwa imelika na saruji imebonyea: vishimo viwili vya magoti, na mbele yake kimoja kidogo cha paji la uso.

Alichuchumaa, utepe wa kupimia ukimning'inia mkononi. Chuoni walifundishwa umri wa paa, unene wa kuta, umbali wa barabara. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu anaweza kuswali mahali pamoja mpaka saruji ikashika umbo lake. Alipopima chumba aliuinua utepe juu, usije ukagusa pale.

Alirudi barazani.

"Bei nitakutajia, kaka. Ila njoo kwanza uone chumba cha nyuma."

Mbaruku alitaka kukataa. Akamtazama usoni, akatia simu mfukoni, akavua viatu. Kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, alisimama kama mgeni.

"Hodi," alisema taratibu, akasubiri.