Chini ya Shuka

Maiti hatazamwi uchi. Huoshwa chini ya shuka. Nilijizungushia kitambaa mkononi nikaanza kumsafisha marehemu Hind, jirani yangu wa Bondeni.

Kwenye shavu la nje la uke, upande wa kulia, vidole vyangu vilikwama. Palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya tende, na juu yake kidonda.

"Alikuwa akiumwa nini?" nilimuuliza bintiye, aliyekuwa akimimina maji.

"Alisema ni tumbo tu, shangazi. Daktari alipotaka kumtazama chini, aliona haya, akakataa."

Uvimbe kama ule ninao mimi tangu Ramadhani, shavu hilohilo.

"Shangazi, mbona mkono umesimama?"

"Ni mgongo tu," nikasema.