Kwangu Inafanya Kazi

Mwanakombo alikibwaga mezani kwa Shebughe kile kikompyuta alichokichomoa kwenye pampu ya maji ya mji. Kilizimika asubuhi, mara tu kilipopokea programu mpya.

"Nani kafuta mipangilio ya hiki kwenye kompaila, ile inayogeuza programu iwe lugha ya mashine yake?"

"Nilikuwa nasafisha mambo ya zamani, dada. Programu niliijaribu, kwangu inafanya kazi."

"Kwako! Kompyuta yako hiyo ndiyo inayosukuma maji? Programu tunaitengenezea hapa, lakini kazi inakwenda kuifanya humu, ndani ya hiki!"

Shebughe akabonyeza kitufe cha kikompyuta. Hakikuwaka hata kitaa kimoja.

Dirishani zilisikika ndoo tupu zikigongana. Mwanakombo akanyakua glasi ya maji ya Shebughe, akayanywa yote huku kamkazia macho, kisha akaifudikiza juu ya kikompyuta.