Kiti cha Mwenyekiti

Fundi seremala aliketi kwa tako moja, la kulia, kama kawaida yake. La kushoto lilikuwa haligusiki.

"Daktari wa mifupa anasema kiungo kimelegea," alimwambia mwenyekiti wa bodi ya matibabu. "Pale nyonga inaposhikana na mwisho wa uti wa mgongo. Anataka kupiga skrubu tatu, pashikane, pasicheze tena. Mkubwa, mimi kitanda cha mtu kikilegea ndivyo ninavyofanya. Imebaki sahihi yako tu."

Mwenyekiti hakuinua hata macho. "Mzee kuumwa kiuno ni jambo la kawaida. Fanya mazoezi."

Ilikuwa mara ya tatu. Wakubwa ndivyo walivyo: ugonjwa usiowauma wao haupo. Hata marehemu mke wa fundi aliingoja sahihi ya mtu huyuhuyu, kwenye benchi lilelile la nje, mpaka siku yake ikafika.

Mwenyekiti alipojinyoosha, kiti chake kikalia kwaa, egemeo likachomoka.

"Nitakutengenezea kingine," fundi akasema. "Bure."

"Unanihonga?"

"Hata ukinikatalia tena, kiti ni chako."

Baada ya wiki mbili alikileta, shemeji yake amekibeba kichwani. Mbao ngumu, mto wa ngozi, kinang'aa. Mwenyekiti akakikalia, akajiegemeza, akatabasamu. Kisha akalikataa ombi kwa mara ya nne.

Fundi hakubisha. "Basi nikirudishe karakana, mkubwa. Kuna kitu kidogo sijakimalizia. Kesho kitakuwa hapa."

Nje, karani wa mapokezi akamcheka. "Fundi, wewe unajipendekeza mpaka unatia aibu! Mtu kakunyima, na bado unampigia msasa!"

"Kazi ya nusunusu siiwezi, mama."

Kesho yake kiti kilirudi. Mwenyekiti alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa. Kimetulia tuli, hakichezi hata kidogo.

"Hii ndiyo kazi!" akasema.

Miezi saba baadaye fundi aliitwa. Alimkuta mwenyekiti amekaa kwa tako moja, jasho linamtoka.

"Hivi ulisema skrubu ngapi?"

"Tatu, mkubwa."

"Nimebadili godoro, nimebadili viatu, nimemeza dawa mpaka tumbo linaniwaka. Mzee wangu, ulikuwa unaishije?" Akapiga sahihi bila hata kusoma.

"Pole sana," fundi akasema. "Kiti nikichukue leo, nikakipitie kidogo?"

"Na bado unanifikiria mimi!" Mwenyekiti nusura alie.

Karakanani, fundi alikipindua kiti miguu juu. Akafungua droo, akatoa vipande viwili vya mbao ngumu, unene wa penseli, vilivyoandikwa kwa mkono wake: mguu wa mbele kushoto, mguu wa nyuma kushoto.

Akavipaka gundi.