Jina la Balcha Halikusomwa

Jina la mwisho lilisomwa, na halikuwa la Kanali Balcha.

Aligeuka kumtazama Rais Mekuria, akidhani msomaji karuka mstari. Rais alikuwa akipiga makofi kama wengine. Bodi ya Ushauri wa Usalama wa Taifa la Gedamba ilikuwa imezaliwa, na Balcha, aliyeitafutia wajumbe wake wote, hakuwamo.

"Pole, shemeji," alinong'ona Dejene, kaka wa mkewe, huku akicheka. "Sasa utatubebea mikoba."

"Funga domo lako."

Kiangazi chote Balcha alikuwa amepanda milima kwa miguu, akiwatafuta makamanda waliokosana na Rais baada ya vita. "Niletee wale ambao watu wakiwaona wanasimama," Rais alikuwa amemwambia. "Nchi hailindwi na vibaraka wangu peke yao."

Aliyesumbua zaidi ni Dejene. "Mekuria ni nyoka," alisema. Balcha hakubishana. Alikata kipande cha mkate wa injera, akakichovya kwenye mchuzi, akamlisha kwa mkono wake. Kwao, ukimlisha mtu hivyo umebeba dhamana ya roho yake. Dejene alitafuna muda mrefu, kisha akashuka naye.

Mjini walishonewa suti. Wakapigwa picha, uso kwa mbele na kwa upande. Wakaulizwa majina ya ndugu zao na wanakoishi. Dejene akaguna.

"Ndizo taratibu za serikali," Balcha alimtuliza. "Umekaa porini mno wewe."

Na leo haya ndiyo malipo yake.

"Mheshimiwa, na mimi je?" alimfuata Rais.

"Wewe sikutaki kwenye ile meza, Balcha. Subiri hapa."

Wajumbe wakaongozwa hadi chumba cha ndani kula kiapo. Dejene alimkonyeza, mlango ukafungwa. Rais naye akatoka kwa mlango mwingine. Balcha akabaki na kikombe cha kahawa asichokigusa. Vitani alimbeba mtu huyu mgongoni, akiwa na risasi pajani, na leo anamwacha nje kama dereva. Hasira ikampanda. Akainuka aende akamwambie usoni, mbele ya wote.

Mlinzi wa mlangoni hakumzuia. Alimpigia saluti.

Chumba kilikuwa kitupu, viti vimepinduka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na uani lori la jeshi lilikuwa linanguruma. Wajumbe walikuwa wamekalishwa ndani yake, mikono imefungwa nyuma, suti bado mpya. Dejene alikuwa wa mwisho, damu inamtoka puani.

"Shemeji!" Balcha alipaza sauti. "Wallahi mimi sikuju..."

Rais, aliyekuwa amesimama kando ya lori, alimkatiza kwa kumkumbatia. Akatoa nishani ya dhahabu mfukoni, akamvika kifuani, kisha akasema kwa sauti kubwa, ili waliomo ndani ya lori wasikie vizuri:

"Kazi nzuri, Kanali. Wote, kama ulivyoniahidi."