Weusi Umetoka Wapi?

Zamani kuku walipokuwa wakiamuliana wenyewe, Jogoo Kilemba, mweupe pe, alijivunia rangi yake utadhani kajipaka mwenyewe. Mkewe Zuwena, kuku mwekundu, akaangua vifaranga saba: wanne weupe, watatu weusi tititi.

Kilemba akawika mbele ya banda zima. "Mimi mweupe, wewe mwekundu. Weusi umetoka wapi? Mwenye damu nyeusi halali humu! Toka na wanaharamu wako!"

Zuwena alikuwa ameatamia siku ishirini na moja mpaka kifua kikamnyonyoka. Akamsogelea mumewe.

"Apa," akasema. "Mwenye damu nyeusi atoke, awe nani awe."

"Naapa!"

Zuwena akaenda nyuma ya jiko, akarudi na kikongwe mweusi ambaye Kilemba aliwaambia wote kuwa ni mtumishi wake.

"Mavyaa, waone wajukuu zako."

Kikongwe akawatazama, akatoa machozi. "Hawa ni mimi mtupu! Kilemba mwanangu, koti jeupe la baba yako ulilivaa juu, lakini langu jeusi ulikuwa nalo ndani siku zote."

Zuwena akausukuma mlango kwa bawa, ukafunguka wote.

"Haya, mume wangu. Umeapa mwenyewe. Tangulia."