Nafasi ya Mtu Mmoja

Sheria ya mji iliruhusu mtu mmoja tu abaki katika kila nyumba: atakayeongoza katika mtihani wa Kiingereza. Mwanaidi na mumewe, Chande, walikubaliana wasisome, wahame pamoja. Asubuhi moja Mwanaidi akamsikia bafuni akikariri maneno, maji yakimwagika bure.

“Uliniapia, Chande.”

“Nilikuwa naoga tu.”

“Mbona mkavu?”

Chande akaketi mezani bila haya. “Basi nisaidie, mke wangu. *Reluctant* maana yake nini?”

Ni mtu asiye radhi. Mwanaidi alilijua neno hilo vizuri, maana naye alikuwa akijisomea jikoni kila siku.

“Ni mtu mwenye furaha,” akajibu, akimmiminia chai.

Chande akamshukuru, akalirudia polepole mpaka likamkaa kichwani.